Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Msanii na Ua wa Mombasa

Barua tulizozichagua mwezi huu zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna mtu anavyoweza kuitembelea bustani ya umma iliyobuniwa kwa fikra, hasa fikra za msanii, kisha akarudi nyumbani na jambo la kumfaa katika upandaji wake. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu swali lake linatuhusu sote tunaopanda juu ya matumbawe na tunaomwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Assalamu alaykum. Mwanangu anaishi Los Angeles, Marekani, na amenialika nikamtembelee mwezi wa Julai. Ameniahidi kunipeleka kwenye bustani ya kituo cha sanaa cha Getty, ambayo anasema ilibuniwa na msanii. Mimi hapa Tudor nina ua wa hatua kama kumi na mbili kwa nane, wenye kuta pande zote, mwarobaini mmoja pembeni, na makopo mengi ya maua ninayoyanunua kwa wauza miche wa kando ya barabara. Kila nikiyapanga naona hayapangiki. Nitazame nini huko ili nikirudi niupande ua wangu ukapendeza? Na mimea yao, je, itaota kwetu?
*Mama wa Tudor, Mombasa*

Wa alaykum salaam, Mama, na safari njema. Mwanao amekuchagulia vizuri, kwani bustani hiyo ina mengi ya kumfundisha mtu mwenye ua mdogo, ingawa yenyewe ni kubwa.

Robert Irwin, aliyeibuni, alikuwa msanii wa California aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2023. Alianza kwa uchoraji, kisha akauacha na kujishughulisha na mwanga na nafasi, yaani jinsi mtu anavyokihisi chumba, uwanja au mahali anapopita. Alipewa kazi ya bustani hii mwaka 1992, na ikafunguliwa pamoja na kituo chote mwaka 1997. Inachukua takriban mita za mraba 12,400, karibu ekari tatu, katika kibonde kilicho kati ya majengo ya mawe yaliyosanifiwa na Richard Meier, na mimea inayotumika humo ni zaidi ya aina 500. Irwin hakusomea kilimo wala mimea. Ilimbidi ajifunze huku akiendelea na kazi, akisaidiwa na wajuzi. Naona hilo ndilo lililoipa bustani hii thamani yake kwetu, maana mtu asiyejua majina ya mimea hulazimika kuanza na maswali ambayo sisi wenye kuyajua huyaruka: mgeni ataingilia wapi, atasikia nini, atakiona kipi kwanza, na kipi kitafichwa mpaka afike?

Kwa hiyo nakuomba, ukifika, maua uyaache kwanza uitazame njia. Inashuka kutoka juu kwa kupinda huku na huku, ikikikata kijito mara kwa mara kwa vidaraja, chini ya safu za miti mirefu. Mtu angeweza kuteremka moja kwa moja kwa dakika chache, lakini njia haimruhusu. Kila inapopinda, kinachoonekana hubadilika: mara unatazamana na maji, mara na ukuta wa majani, mara unaliona bonde lote mpaka chini. Ukiwa kwenye vile vidaraja, simama utege sikio. Mawe ya kijito yamepangwa kwa makusudi ili sauti ya maji ibadilike kadiri unavyoshuka, na ukisikiliza kwa makini utatambua kwamba maji ni yale yale, bali yamepitishwa kwenye mawe yaliyowekwa kwa namna nyingine.

Ukifika chini utakuta uwanja wenye miti ya nondo iliyovikwa bogenvilia, ambayo nitaieleza katika jibu linalofuata. Kijito hupita hapo, kisha huanguka juu ya ukuta wa mawe mpaka kwenye dimbwi la mviringo, na ndani ya dimbwi hilo kuna azelia, vichaka vya maua, zilizopandwa na kukatwa kwa duru zinazoshikana, zikawa mzingile unaoonekana kana kwamba unaelea majini. Kulizunguka dimbwi kuna vitalu vya maua vilivyopandwa kwa msongamano, na vijia vya kupita katikati yake. Humo ndimo watu wengi hupiga picha, na humo ndimo ninapokutaka uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu kinachovutia zaidi machoni ndicho kisichofaa kuhamishiwa Mombasa.

Nianze na azelia. Mmea huu hutaka udongo wenye asidi na hali ya ubaridi kiasi. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa, na udongo wake una hali ya magadi, kinyume kabisa cha kile azelia inachokitaka. Katika udongo wa namna hiyo chuma kinaweza kuwemo, lakini mizizi ya mmea wa asidi haiwezi kukichukua. Bila shaka umewahi kuona dalili zake kwenye makopo yako: jani changa linageuka manjano lote, ila mishipa yake inabaki kijani, hata unaweza kuihesabu kwa macho. Wengi wetu tukiliona jani hilo tunadhani mmea una kiu, tunaongeza maji ya kisima, na maji yenyewe yana chokaa na chumvi, basi tunauzidishia ugonjwa. Azelia usiitafute. Mengi kati ya maua utakayoyaona kwenye vile vitalu nayo ni ya nchi yenye majira ya baridi, na Los Angeles hupata mvua zake wakati huo huo wa baridi, kisha hukauka katika miezi ya joto. Sisi tuna masika na vuli, joto la mwaka mzima, unyevu wa hewa, na mvua inayopita milimita 1,000 kwa mwaka.

Orodha ya majina ya mimea, basi, haitakusaidia sana. Chukua daftari na uchore, hata kama huna mkono wa kuchora. Chora njia ilivyopinda, na uweke alama mahali uliposimama bila kuambiwa usimame. Andika kimo cha mimea kwa kupima na mwili wako: hii inafika kwenye goti, hii kiunoni, hii imenipita kichwa. Andika njia ilikuwa na upana wa watu wangapi, na ilipungua wapi. Tazama ni mmea gani umerudiwa rudiwa na ni upi umewekwa mmoja tu. Irwin alichongesha kwenye jiwe la uwanja wa bustani maneno yasemayo kwamba bustani hii hubadilika daima na kamwe haiwi ile ile mara mbili. Kwa hiyo ujue kwamba utakachokiona mwezi wa Julai ni majira ya joto peke yake. Mwanao akikupelekea picha za Januari, pale ile miti inapokuwa imepukutisha majani, ziweke kando ya michoro yako ulinganishe. Sisi pia tunao mti wa kutuonyesha mabadiliko hayo, nao ni mkungu, ambao majani yake mapana huiva yakawa mekundu kabla ya kudondoka. Aliye na nafasi nje ya ukuta na aupande.

Sasa turudi Tudor. Hatua kumi na mbili kwa nane zinatosha kupinda njia mara mbili. Nadhani kwa sasa mtu akifungua mlango wako anauona ua wote kwa mara moja, kwa kuwa makopo yamesogezwa ukutani pande zote na katikati pamebaki wazi. Yatoe ukutani. Weka kundi la mimea ya kimo cha kiuno upande mmoja, hatua tatu kutoka mlangoni, ili mgeni alazimike kulizunguka. Kisha weka kundi lingine mbele, upande wa pili, lenye kimo cha kichwa, ili mwarobaini na kibaraza chake visionekane mpaka amelipita. Kivuli cha mwarobaini kiwe ndio mwisho wa njia, na hapo uweke kiti au mkeka. Chini ya kivuli hicho panda mikonge pori, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima na mistari ya kijani kibichi na kijivu, ambayo asili yake ni Afrika na haijali chumvi wala kusahauliwa.

Jambo la makopo lina dawa nyepesi. Nyua zetu nyingi zina kila aina kopo moja, na kila kopo na rangi yake: la samli, la rangi ya nyumba, ndoo iliyopasuka. Jicho halipati pa kutua. Mchoraji wa Kifaransa Jacques Majorelle, aliyenunua shamba Marrakech nchini Moroko mwaka 1923 na kulifungulia umma bustani yake mwaka 1947, alizipaka kuta zake rangi moja ya buluu iliyokoza, na buluu hiyo hulifanya kila jani la kijani lionekane mara mbili zaidi. Nawe yapake makopo yako yote rangi moja, yoyote uipendayo, halafu punguza aina za mimea. Aina sita zilizopandwa kwa wingi zitapendeza kuliko aina ishirini za kopo moja moja, na naamini ukishafanya hivyo hutakuwa na haja ya kuniuliza tena kuhusu kupanga.

Maji nayo usiyaige bila kufikiri. Dimbwi lililotuama katika ua wa Mombasa ni kitalu cha mbu, na mji wetu umekwisha kupata milipuko ya homa ya dengi na ya chikungunya, ambazo huenezwa na mbu anayezaa kwenye maji safi yaliyosimama karibu na nyumba. Ukitamani sauti ya maji, tumia pampu ndogo ya kuyazungusha kwenye mtungi, na mtungi huo uutie samaki wadogo. Ukiwa na kiyoyozi, maji yake yanayodondoka nje hayana chumvi. Yakinge kwenye ndoo yenye kifuniko na umwagilie nayo mimea iliyo laini.

Limebaki jambo moja ambalo bustani zetu za Pwani zimelishughulikia zaidi kuliko nyingi nilizozisoma, nalo ni harufu. Irwin alishughulika na sauti, mwanga na hatua za mtu. Mabibi zetu walishughulika na pua, wakapanda mrehani karibu na mlango, asumini ukutani, mkadi kwenye pembe yenye nafasi, na mlangilangi pale palipopita upepo. Asumini hufunguka jioni, ndiyo maana vikonyo vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikatungwa, vikafungukia kwenye nywele au kwenye kikuba. Ukiipanga njia yako, iwe mgeni anapita kwanza kwenye mrehani, kwa ukaribu wa kuugusa kwa nguo, kisha asumini impokee pale anapokaa. Hilo hutaliona Los Angeles, lakini utakuwa umelifanya kwa fikra ile ile aliyoitumia Irwin kwenye mawe ya kijito.

Kwa upande wa ziara yenyewe: kiingilio ni bure, ila hulipiwa maegesho ya gari, hupandwa kwa treni ndogo mpaka juu ya kilima, na Jumatatu hufungwa. Mwanao aangalie mapema utaratibu wa kujiandikishia nafasi.

Mhariri, niliona picha ya bogenvilia zilizopandishwa juu ya nondo katika bustani ya Marekani, zimesimama mithili ya miti. Nilimwita fundi wa kuchomelea akanitengenezea nguzo kama hizo nyumbani Bamburi. Bogenvilia imepanda vizuri, namwagilia kila siku na kuitilia samadi, lakini ni majani matupu, maua hakuna. Nondo nazo zimeanza kushika kutu. Kosa ni langu au ni la mmea?
*Msomaji wa Bamburi*

Ndugu yangu, picha uliyoiona ni ya bustani hiyo hiyo niliyoieleza juu. Irwin alichukua nondo za kawaida za ujenzi, akazifunga kwa mafungu yaliyosimama wima na kutanuka juu, kisha bogenvilia ikapandishwa kwa ndani mpaka ikamwagikia nje. Nampongeza kwa kuielewa tabia ya mmea. Bogenvilia haina vikono vya kushikilia ukuta. Ina miiba na matawi marefu yanayoegemea chochote kilicho karibu. Ukiiacha peke yake hulala juu ya paa la jirani. Ukiisimamishia kitu imara na kuifunga kamba kila inaporefuka, husimama.

Samadi na maji ya kila siku ndivyo vilivyoizuia. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake limetokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea aliyekuwamo katika safari yake, Philibert Commerson, aliiona Brazil. Ni mmea unaochanua vizuri ukiwa na kiu kidogo. Ukipata maji na naitrojeni kwa wingi hukimbilia kuongeza majani na matawi. Chukua tawi lenye maua kutoka kwa jirani ulitazame kwa karibu. Kile tunachokiita ua, chenye rangi ya zambarau na wembamba wa karatasi, ni jani lililobadilika rangi, na ukilielekeza kwenye mwanga utaiona mishipa yake kama ya jani lolote. Maua yenyewe ni vile vijineli vitatu vyembamba vilivyomo katikati, vyenye vinywa vyeupe, kila kimoja kimeshikamana na jani lake la rangi. Mmea ulioshiba hauna sababu ya kugeuza majani yake rangi kwa ajili ya kuwaita wadudu.

Acha samadi kwa msimu mzima. Punguza maji mpaka uone majani yanaanza kulegea adhuhuri, ndipo umwagilie kwa wingi mara moja, kisha uache tena. Kata ncha za matawi marefu baada ya mvua, maana maua hutokea kwenye machipukizi mapya. Upepo wa kaskazi ukiingia na mvua ikakatika, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndiyo miezi ambayo bogenvilia za Mombasa huwaka barabarani pasipo mtu wa kuzimwagilia, na yako nayo itafuata mradi iwe inapata jua angalau nusu ya siku. Kama nguzo zako ziko nyuma ya nyumba, kivulini, zihamishe. Hapana mbolea itakayofidia jua.

Kuhusu kutu, hewa yetu ya bahari hula chuma kwa kasi. Nondo zisugue kwa brashi ya waya, zipake rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, hasa sehemu iliyoingia ardhini na pale palipochomelewa, kisha rangi ya juu. Fanya hivyo kabla mmea haujazifunika, kwa kuwa baadaye miiba haitakuruhusu. Ukianza upya, usizichimbie nondo udongoni moja kwa moja. Zisimamishe kwenye zege iliyoinuka juu ya usawa wa ardhi, maji yasituame kwenye vikanyagio vyake.

Je, naruhusiwa kuleta mbegu na vikonyo vya kupanda kutoka bustani za nje nikivitia kwenye sanduku la nguo?
*Msomaji wa Ganjoni*

Hapana. Mimea na mbegu za kupanda zinazoingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS, idara ya ukaguzi wa afya ya mimea, kinachotolewa kabla mzigo haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Tena kuchuma katika bustani ya umma ni kuiharibu. Sheria hii ina sababu ambayo tunaiona kwa macho: gugumaji lililofunika ghuba za Ziwa Victoria lilisambazwa duniani kama ua la mapambo, na lantana inayosonga mashamba yetu ililetwa kwa uzuri wake vilevile.

Safu yako huwapendeza wenye safari za mbali. Mimi ni mwalimu, nimepanga nyumba Likoni yenye kiwanja kidogo mbele, nusu mchanga na nusu jiwe, na mwenye nyumba ameniruhusu kupanda. Niende bustani gani hapa hapa nikajifunze? Na je, ni lazima iwe imebuniwa na msanii?
*Mwalimu wa Likoni*

Mwalimu, umeuliza vyema, na sikutaka barua yako iwe ya mwisho kwa udogo wake. Bustani ya kukufaa iko Bamburi, kando ya barabara ya Malindi, nayo ni Haller Park. Haikubuniwa na msanii. Ilianzishwa na René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, ambaye mwaka 1971 alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa wazi na kiwanda cha saruji, pahali palipokuwa jiwe tupu la matumbawe, jua kali na maji ya chumvichumvi. Katika aina 26 za miti alizozijaribu, zilizostahimili ni tatu: mvinje, mnazi na mti mmoja wa asili ya Pembe ya Afrika. Mvinje uliweza kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yakidondoka hayaozi upesi. Haller akaleta majongoo wenye miguu myekundu, ambao huyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambao miti mingine iliota ndani yake. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma.

Watu wengi huenda pale kuwatazama twiga na viboko. Wewe nenda ukapige magoti. Chini ya mvinje, fukua kwa kidole safu ya majani: juu utakuta yale makavu ya kahawia, chini yake yaliyotafunwa, chini zaidi vumbi jeusi lenye unyevu, na mara jiwe. Udongo wote wa bustani hiyo ulitengenezwa kwa njia hiyo, tabaka baada ya tabaka. Kiwanjani kwako, basi, usifagie majani yakachomwa moto kila asubuhi kama tulivyozoea. Yarundike penye jiwe, yamwagilie, uyafunike kwa makuti, na majongoo watakuja wenyewe.

Kuhusu swali lako la pili, si lazima awe msanii, ila yuko msanii mmoja ambaye ningependa kila mtu wa Pwani amjue, hata kama hatafika kwake. Roberto Burle Marx alikuwa mchoraji wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1994. Alipokuwa kijana alikwenda Berlin, na huko, katika nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Dahlem, alishangaa kuona mimea ya kwao Brazil ikitunzwa kwa heshima, wakati bustani za Brazil zilijaa maua ya Ulaya na ile mimea ya asili ilionwa kuwa magugu. Aliporudi akaifanya kazi ya maisha yake kuipanda mimea hiyo, kwa mafungu makubwa ya rangi moja moja, kana kwamba ardhi ni turubai ya kuchorea. Shamba alilolinunua mwaka 1949 karibu na Rio de Janeiro lina zaidi ya aina 3,500 za mimea, na mwaka 2021 UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Rio ni mji wa bahari na joto kama wetu, kwa hiyo mfano wake unatufaa moja kwa moja.

Na mimea ya kwetu inayodharauliwa ni mingi. Tembea Mama Ngina, pale mbele ya kivuko cha Likoni, utazame mibuyu iliyosimama kwenye upepo wa chumvi. Kisha tembea ufuoni kwenu, uone ni nini kinachotambaa juu ya mchanga bila kumwagiliwa na mtu. Upande wa jiwe, kwako, panda mshubiri kwa wingi, aina moja, ujaze sehemu yote; ukichanua, vijiti vyake vya maua vitawaita chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda. Katikati yake weka mtapo mmoja. Huo ni mmea wa misitu yetu ya Pwani, hukua polepole na huishi miaka mingi, na kwa kuwa unachimbwa ovyo porini nakuomba ununue mche uliooteshwa kwenye kitalu, wala usiung'oe wala kuagiza ung'olewe, hasa katika misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Upande wa mchanga panda mkadi, lakini mbali na njia ya watoto kwa sababu ya miiba ya majani yake.

Kazi ya jiwe haiepukiki. Tumia mtaimbo kuvunja shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na upana mara mbili ya hapo, hata kama litakuchukua alasiri nzima. Likijazwa maji yakakaa usiku kucha bila kunywewa, livunje zaidi chini mpaka upate ufa wa kuyatoa, kwani mshubiri na mtapo huoza mizizi. Changanya udongo mwekundu na samadi ya mbuzi iliyooza, pamoja na vipande vidogo vya jiwe lile lile ulilolivunja. Fanya hayo Februari, yafunike mashimo, uyaache mpaka masika yaanze, mwishoni mwa Machi au Aprili. Na mvua ya kwanza isikuharakishe, ngoja mpaka ukitia kidole ardhini ukute unyevu umefika kina cha kiganja, ndipo upande.